Seva Hewa ya Isansa

Mtandao unasumbua. Fundi kompyuta wa mkoa huu wa Songwe akishayasema maneno hayo mawili, mteja anaguna, anavuta kiti, anasubiri. Haulizi mtandao upi, unasumbuliwa na nini, tangu saa ngapi. Nimeyatumia maneno hayo kwa miaka, mara nyingi kwa haki, maana usumbufu wenyewe upo kweli. Lakini pale Isansa niliyatumia kufunika kosa la mikono yangu, na kwa kuwa nililifunika vizuri, binti mmoja asiye na hatia aliondolewa kwenye meza yake baada ya kulaumiwa mbele ya mkutano. Nilikuwepo. Nilikaa benchi la pili, nimekunja mikono.

Nianze na chama chenyewe. Jina lake silitaji, kwa sababu wao ndio waliokosewa. Ni chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kama vilivyo vingi wilayani Mbozi, chenye ofisi ya vyumba viwili, ghala, mzani, na mtambo wa kumenyea kahawa ambao wenyewe huuita CPU. Siku ya kwanza nilimwambia mlinzi nimekuja kuangalia mahali pa kuweka CPU, akanielekeza mtoni. Isansa iko ndani, mbali na kelele za barabara kuu ya Tunduma. Udongo mwekundu, migomba, mahindi, na asubuhi za Juni zenye baridi ya kumfanya karani aandike na koti. Wageni wengi wakiisikia Mbozi hukumbuka kile kimondo cha Ndolezi. Wenyeji hukumbuka kahawa. Ndiyo bati, ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari.

Kahawa nyingi ya vyama hivi huishia mnadani. Ile iliyooshwa na kuanikwa kwa uangalifu, ikapata alama nzuri kwa waonjaji, inaweza kupata mnunuzi wa nje wa moja kwa moja, na hapo bei huwa nyingine kabisa. Bodi ya chama ilikuwa imeambiwa kwamba mnunuzi wa namna hiyo hapendi kuandikiana na anwani ya barua pepe ya bure, ambayo hata tapeli anaifungua akiwa kijiweni. Chama kiwe na jina lake kwenye intaneti, liishie na or.tz, na barua zitoke kwenye jina hilo. Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa na kawaida ya kuchapisha karatasi zake dukani kwangu Tunduma. Akanitaja.

Hapa kuna ushauri niliopaswa kuutoa. Msajili wa vikoa, yaani wa majina kama hayo, ukishamlipa ada ya mwaka, kwa kawaida anakupa na seva zake za majina bila nyongeza. Unajaza fomu, unaandika seva zake mbili, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Kwa kazi hiyo ningelipwa nauli na sahani ya wali maharage. Dukani kwangu, hata hivyo, kulikuwa na kompyuta ya seva iliyokwishatumika, niliyoinunua Dar es Salaam nikiwa na ndoto kubwa, ikawa inakula nafasi karibu na mashine ya fotokopi. Nikamwambia mjumbe kwamba chama kinachojiheshimu kinakuwa na seva yake yenyewe, ofisini kwake, chini ya ufunguo wake. Alifurahi. Nani asingefurahi? Na mimi nikawa nimepata pa kuipeleka mashine yangu, pamoja na posho ya kwenda kuitembelea.

Kwa asiyeijua kazi ya seva ya majina: kompyuta hazifikiani kwa majina, zinafikiana kwa namba. Mtu aliyeko Hamburg akimwandikia katibu wa chama cha Isansa, kompyuta ya barua ya huko haina habari Isansa ni wapi. Inauliza kwanza seva za mzizi, zile zenye majina 13, kuanzia A hadi M. Mzizi unajibu: jina hili linaishia na tz, kawaulize wa tz. Wa tz nao wanajibu: chama hicho kimetuandikishia seva fulani na fulani, namba zao hizi hapa, kawaulize. Swali likifika hapo hakuna tena wa kuulizwa. Seva hizo zikinyamaza, chama hakipo duniani. Barua pepe zenyewe tulikuwa tumezikodishia nafasi kwenye kompyuta za Ulaya, na tovuti vilevile. Hizo zilikuwa macho usiku na mchana. Ila njia ya kuzifikia ilipita chini ya meza ya Mama Katibu, ndani ya mashine yangu.

Kuifunga, niliifunga vizuri. Hilo sijinyimi. Niliweka Linux, nikaweka BIND, programu ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, waliianza miaka ya 1980 na hadi leo haijastaafu. Faili la kikoa niliandika kwa mkono, mstari kwa mstari. Juu kabisa kuna SOA, yenye namba ya toleo tunayoipanga kwa mwaka, mwezi, siku na tarakimu mbili za mwisho, kisha muda wa seva ya pili kuja kuchungulia mabadiliko, muda wa kujaribu tena ikishindwa, na muda wa kukata tamaa. Chini yake yanafuata majina. Kila jina kamili nililifunga kwa nukta. Nukta hiyo haina mchezo. Usipoiweka, BIND inadhani jina halijaisha, inalibandikia jina la kikoa mara ya pili, na barua zinakwenda kutafuta mahali pasipokuwepo. Tarehe 12 Oktoba 2009 majina yote ya Sweden, yale yanayoishia na se, yaliharibika kwa muda kwa sababu programu iliyotengeneza faili lao iliacha nukta ya mwisho. Nchi nzima, nukta. Mimi sikuacha. Nilizikagua moja moja nikipitisha kidole kwenye kioo, na Mama Katibu, aliyekuwa mwalimu kabla ya kustaafu, akaniambia, "Mwanangu, wewe ungefaa kusahihisha mitihani."

Kuna namba nyingine karibu na juu ya faili, inayowaambia wanaouliza wakae na jibu kwa muda gani kabla ya kurudi kuuliza tena. Wakati wa majaribio niliandika 300, yaani dakika tano, ili nikibadilisha kitu nione matokeo upesi. Kazi ikikamilika unaipandisha, wengi huweka 86400, siku nzima. Sikuipandisha. Huo ulikuwa uzembe, na fundi yeyote anaweza kuzembea. Jambo linalofuata halikuwa uzembe.

Fomu ya usajili ilitaka seva mbili. Huo si urasimu wa kwetu. Ni sharti la mfumo. Zamani majina yote ya kompyuta za mtandao yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na ofisi ya Elizabeth Feinler huko California. Mtandao ulipokua, faili likazidiwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni namna ya kuligawa, kila mwenye jina ajibu mwenyewe, na alipoziandika upya kanuni zake mwaka 1987 sharti likawemo: kila kikoa kikae kwenye seva zisizopungua mbili, ili moja ikizimika nyingine ijibu. Miaka kumi baadaye, 1997, ikabidi uandikwe mwongozo mwingine mzima, RFC 2182, kuwafafanulia watu kwamba mbili maana yake ni mahali pawili penye umeme tofauti na njia tofauti za mtandao, seva zikiwa mbalimbali kadiri inavyowezekana. Mwongozo kama huo hauandikwi bure. Ukiuona, ujue akina mimi tulikuwa wengi. Hata tz yenyewe, iliyoanza mwaka 1995 ikilelewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha mwaka 2010 ikakabidhiwa rasmi kwa tzNIC, ina baadhi ya seva zake nje ya nchi, ili Dar es Salaam ikilala, jina la nchi libaki macho.

Mimi nilikuwa na mashine moja. Mtoa huduma alitupa fungu la anwani nane za kudumu; ukiondoa ya kwanza, ya mwisho na ile ya ruta, zinabaki tano. Nilichukua mbili, nikazipachika zote kwenye kadi moja ya mtandao. Ya kwanza nikaiita ns1, ya pili ns2. Mkaguzi wa msajili, ambaye naye ni programu, akaiuliza ns1, akajibiwa. Akaiuliza ns2, akajibiwa na mashine ileile. Akaridhika, kikoa kikapita. Wanaokumbuka mwaka 2016, serikali ilipowasaka wafanyakazi hewa waliokuwa na majina na mishahara bila kuwa na miili, watanielewa upesi: ns2 ilikuwa seva hewa.

Nilijua. Sikuwa mwanafunzi. Mwongozo ule wa 1997 nilikuwa nimeusoma, na kuutetea mbele ya mafundi wenzangu. Nilijiambia nitatafuta seva ya pili mambo yakitulia.

Betri ya UPS ilimudu kama nusu saa. Jenereta la chama lilikuwa la mtambo, na mafuta yake yalihesabiwa kwa lita. Umeme ukikatika saa moja au mbili, kikoa kilizimika na kurudi, na kwa ile namba yangu ya 300 dunia ilikuwa imekwisha kukisahau ndani ya dakika tano. Hakuna aliyegundua, isipokuwa mimi, kwa maana nilikuwa nimejiwekea ujumbe wa tahadhari kwenye simu. Naam, nilikuwa nikipata taarifa. Simu inalia juu ya meza, nasoma, nafuta, naendelea kutoa kopi za vyeti vya watu.

Mvua za kwanza za Novemba 2023 zilikuja na radi, na radi ikaipata transfoma. Giza likazidi juma moja. Kipindi hicho ndipo chama kilikuwa kikisubiri kwa hamu: sampuli zilikwishaonjwa huko nje, zikapendwa, na mkataba ulikuwa njiani kwa barua pepe. Karani, binti mwenye mwandiko mzuri na subira kuliko sisi wote, ndiye aliyekuwa akifungua barua. Alijaribu kwenye simu yake, akaambiwa seva haipatikani. Akanipigia.

"Shikamoo, kaka fundi. Barua hazifunguki."

"Marahaba. Mtandao unasumbua, mdogo wangu. Subiri."

Hivyo tu. Wakati huo ningeweza, kwa simu ileile, kuingia kwa msajili nikaandika seva zake za bure. Lakini kuandika seva nyingine kulikuwa ni kukiri kwamba ile ya Isansa haikuwa na sababu ya kuwepo. Nikaona umeme utarudi tu.

Barua pepe ina subira. Kompyuta ya barua isipoipata njia hujaribu, hupumzika, hujaribu tena, na kwa desturi huendelea siku nne au tano kabla ya kumrudishia mwenyewe. Umeme wetu ulikuwa na subira zaidi. Mkataba ulirudi ulikotoka, ukiwa na maelezo kwamba jina la mpokeaji halipatikani. Mnunuzi akatazama tovuti, nayo haipo. Biashara ya kahawa imejaa watu wenye mihuri mizuri wasiokuwa na hata mche mmoja shambani; simlaumu. Wakala wake aliyeko nchini alipompata Mama Katibu kwa simu, maneno yalikuwa ya upole: wakubwa wangu wameingiwa na wasiwasi, wamekwishajaza kontena kwingine.

Kile kilichoniuma baadaye kipo kwenye faili langu mwenyewe. Ule muda wa kukata tamaa niliouandika kwenye SOA ulikuwa 1209600. Hizo ni sekunde, na ukizigawa unapata siku 14. Maana yake, kama ns2 ingekuwa mashine ya kweli, hata mjini Vwawa tu, hata kwenye kabati la duka langu, ingeendelea kujibu kwa niaba ya ile iliyozimika kwa majuma mawili kamili. Mkataba ungeingia. Nilikuwa nimeandika kinga, kwa namba sahihi, kwa ajili ya seva ambayo haikuwepo.

Kahawa ikaenda mnadani pamoja na nyingine. Kisha ukaitishwa mkutano.

Sijawahi kuona wakulima wakipiga kelele. Wa Isansa hawapigi. Wanauliza. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akauliza barua za chama zinafunguliwa na nani. Wakamtazama karani. Akasimama, akasema barua haikuingia. Mwingine akauliza inakuwaje barua itumwe isifike, wakati pesa za simu zinafika hata porini. Minong'ono ikaanza: huenda alichelewa kufungua, huenda ameifuta kwa bahati mbaya, huenda kuna mtu amempa chochote. Binti akanigeukia.

"Kaka fundi, si uliniambia mtandao unasumbua?"

Nikasema ulisumbua siku moja mbili. Mwenyekiti, mtu wa haki kwa anavyoijua haki, akaniuliza mbele ya wote kama inawezekana barua iliingia ikafutwa.

"Inawezekana, Mzee Mwenyekiti."

Na kweli, kwenye kompyuta karibu kila kitu kinawezekana. Ndiyo maana neno lile lilinitoka bila kigugumizi. Binti hakulia wala hakujitetea zaidi. Alikaa, akapanga makaratasi yaliyokuwa mapajani mwake mpaka kingo zikalingana. Juma lililofuata akahamishiwa kwenye mzani, kupokea magunia, na meza ya kompyuta akapewa mtoto wa mjumbe.

Usiku wa siku ile ile ya mkutano, nikiwa Tunduma, nililirekebisha kosa langu. Kwa nini usiku? Kwa sababu mchana angeweza kuingia mtu dukani akaniuliza nafanya nini. Niliingia kwa msajili, nikaandika seva zake mbili, nikahamishia huko faili lote, nikaipandisha ile 300 kuwa 86400. Ile ya Isansa niliiacha kwenye orodha kama ya tatu, na mashine nikaiacha chini ya meza ikiwakawaka taa. Ningeiondoa, wangeuliza. Kuanzia hapo kikoa hakikuzimika tena, umeme uwepo usiwepo, na nikiwa napita ofisini watu walinishukuru. Mjumbe aliyenileta aliniambia, fundi, tangu umeshughulikia, mambo yametulia. Nikapokea na hiyo.

Nilijitafutia faraja kwa wakubwa. Januari 2001 Microsoft walipotea kwenye intaneti kwa karibu siku nzima. Seva zao nne za majina zilikuwa zimekaa kwenye sehemu moja ya mtandao wao. Fundi akakosea kupanga ruta, zote nne zikawa hazifikiki kwa pamoja. Tarehe 4 Oktoba 2021, ile jioni ambayo hapa WhatsApp ilinyamaza na kila mtu akadhani ameishiwa bando, Facebook walifanya la kwao: amri moja ya matengenezo ilikata uti wa mgongo wa mtandao wao, seva zao za majina zikajiondoa njiani, na kwa kama saa sita dunia haikuweza kuwapata. Nilisoma habari hizo nikijisemea, basi, hata hao. Lakini faraja hiyo haikukaa tumboni. Microsoft walitoka ndani ya siku moja wakasema ni fundi wetu, ni mpangilio wetu. Facebook walieleza siku iliyofuata, hatua kwa hatua, wapi walipokosea. Mimi nilikuwa na wakulima wachache tu wa kuwaeleza, na nilikuwa nimemtanguliza karani.

Kilichonifichua ni ukweli. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kesho yake Mama Katibu akanipigia. Ofisini hakuna kinachofunguka. Nilikuwa na jibu safi, la kweli, na redio ilikuwa ikilitangaza.

"Mama, safari hii ni kweli. Nyaya zimekatika baharini."

Akanyamaza kidogo. Walimu wana masikio mabaya.

"Safari hii?"

Nikaanza kuzungumzia nyaya, meli ya matengenezo, Msumbiji. Akaniacha nimalize.

"Nakuuliza, mwanangu. Safari hii ni kweli. Na zile nyingine?"

Nilimwambia naja. Alikuwa na mgeni aliyemwaga chai nilipofika, tukasubiri aondoke, kisha nikamweleza yote kwa maneno mepesi niliyoweza: seva mbili zilizokuwa moja, radi, mkataba, mkutano. Kuna jambo nililiruka hapo juu, nikaliruka na kwake pia, akalipata mwenyewe. Alisikiliza, akavaa miwani, akaenda kabatini akatoa faili la malipo. Akalamba kidole, akafunua, akasimama kwenye ankara yangu, mwandiko wangu, muhuri wangu. Akasoma kwa sauti: "Seva ya majina, idadi, mbili."

Niliwatoza mbili. Niliandika mbili kwa sababu fomu ilisema mbili, ndivyo nilivyojieleza wakati ule, na nikazidisha bei kwa mbili kwa sababu hesabu ilitaka hivyo. Mashine ilikuwa moja, iko chini ya meza, angeweza kuigusa kwa kiatu.

"Hii ya pili iko wapi?"

"Haipo, Mama."

"Hela yake je?"

Hela yake ilikuwa imekwishaingia kwenye kodi ya fremu. Hakufoka. Aliniambia haya si ya kuzungumzwa na yeye peke yake. Niandike barua kwa mkono, nieleze kila kitu, nisiweke maneno ya kompyuta ambayo Mzee Mwenyekiti hatayaelewa, na nakala moja niiandike kwa jina la karani. Sehemu ya karani ndiyo iliyonishinda. Nilichana karatasi. Kila nilipoeleza kosa, maelezo yaligeuka somo la seva za majina, na somo ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mwishowe niliandika kwamba barua haikuingia, kwamba asingeweza kuiona hata angekesha, kwamba nilijua hivyo nilipoulizwa, na kwamba nilijibu inawezekana.

Bodi ilikaa bila mimi. Uamuzi nililetewa: nirudishe bei ya seva moja kwa awamu, barua yangu isomwe kwenye mkutano, nami niwepo. Ikasomwa. Yule mzee wa kofia aliuliza swali moja tu, kama bei ya mnada na bei ya yule mnunuzi zinaweza kuwekwa pamoja ili tofauti ijulikane. Mwenyekiti akasema zitawekwa. Mimi nikatazama chini. Tofauti hiyo hairudishwi kwa awamu na mwenye duka la fotokopi.

Karani aliambiwa arudi kwenye meza yake. Akasema atarudi kwa sharti: aonyeshwe yeye mwenyewe namna ya kujua kama jina la chama linaonekana, asitegemee kuambiwa na mtu. Nikamfundisha. Kompyuta yao ya ofisi ina amri iitwayo nslookup, unaiandika kwenye kile kidirisha cheusi. Unawauliza kwanza wa tz wameandikishiwa seva zipi, kisha unaigeukia kila moja na kuiuliza swali lilelile, unaona nani anajibu. Hakutaka nimfanyie hata mara moja. Alichukua daftari la mistari, akachora safu: tarehe, jina la seva, imejibu, haijajibu. Ile mashine yangu tulikuwa tumekwisha kuizima, iko kwenye boksi ghalani, juu yake pamewekwa magunia matupu.

Akaandika, akabonyeza, akasoma kwa kidole. Akarudia.

"Kaka fundi, hapa wa tz wananiambia seva ni tatu. Mbili zimejibu. Hii ns1 mbona kimya?"

Nikasogea kwenye kioo. Mashine tuliizima, lakini jina lake kwa msajili sikulifuta. Tangu siku ile, sehemu ya maswali yaliyokuja kukitafuta chama yalikuwa yakianzia kwenye boksi la ghalani, yanasubiri sekunde kadhaa bila jibu, ndipo yanageukia zilizo hai. Barua zilifika, ila zilikuwa zikizunguka kwanza kwenye kosa langu.

Nikamwambia nitalifuta leo hii. Hakusema kitu. Aliandika ns1, kwenye safu ya haijajibu akatia alama, pembeni akaandika cheo changu na tarehe, kisha akanigeuzia daftari pamoja na kalamu ili nisaini.